Sikio la Mashua ya Selpha

Kila asubuhi Lornah aliteremka ufuoni na beseni lake. Aliingia ziwani mpaka maji yakamfika magotini, akasimama hapo. Mashua ilipokaribia, alishika ukingo wake, akachungulia ndani. Hapo ndipo alipojua kama siku hiyo atauza samaki au atauza maneno.

Ufuo huo ni mdogo. Uko upande wa Dunga, si mbali na mji wa Kisumu. Mashua ilikuwa mali ya Lornah. Aliirithi kutoka kwa marehemu mama yake, Selpha, ambaye alikaanga samaki maisha yake yote ili aipate. Fundi alipomaliza kuunganisha mbao, Selpha mwenyewe ndiye aliyeziba nyufa kwa pamba. Aliishindilia pamba kwa patasi mpaka vidole vikavimba. Jina lake liliandikwa ubavuni kwa rangi nyekundu. Kisha akaweka sharti moja: mtu yeyote asiitoboe mashua hiyo, si kwa msumari, si kwa drili.

Sharti la pili halikuwekwa na Selpha. Lilikuwapo tangu zamani. Mwanamke hapandi mashua ya uvuvi. Wazee walisema samaki watakimbia. Hakuna aliyewahi kuwauliza samaki, lakini mila ni mila. Basi Selpha aliimiliki mashua mpaka akafa, na hakuwahi kukaa ndani yake ikiwa majini. Lornah naye alifuata njia hiyo hiyo.

Wavuvi walikuwa watatu. Nahodha alikuwa Mjomba Ondiek, mdogo wake Selpha. Wa pili alikuwa Oketch, mtoto wa kwanza wa Lornah, kijana wa miaka ishirini na minne. Wa tatu alikuwa Waswa, kibarua kutoka Busia, mwenye mikono yenye nguvu na mdomo usiopumzika.

Walitega nyavu alasiri na kuzitoa alfajiri. Mjomba Ondiek alitafuta samaki kwa jiwe. Jiwe hilo lilifungwa kamba yenye mafundo, fundo moja kila mita. Upande wa chini alilipaka mafuta ya ng'ombe. Alilitupa majini, akahesabu mafundo, akalivuta. Tope au mchanga ulionata kwenye mafuta ulimwambia sakafu ya ziwa ikoje. Wakati mwingine aliunusa. Zamani jiwe lilitosha. Siku hizi samaki wamepungua, na mashua nyingi zinagombania maji yale yale. Walizunguka huku na huko, petroli ikaisha, na beseni la Lornah likarudi nyumbani na ngege wachache waliolala chini kama wamesahauliwa.

Jioni moja baada ya chakula, Oketch alisema jambo alilokuwa amelibeba kwa muda mrefu. Kulikuwa na mashua kule Usenge yenye mashine ya kutafuta samaki. Mwenye mashua alikuwa anamwita. Oketch alisema angeenda baada ya Pasaka.

"Na Mjomba atavuta nyavu na nani?" Lornah akauliza.

"Mama, hata nikikaa, tunavuta maji tu."

Lornah alikusanya sahani. Alijua hesabu ilivyo. Ondiek alikuwa mzee, na Waswa peke yake hakutosha. Oketch akiondoka, mashua ya Selpha ingevutwa mchangani, jua lingekausha pamba, nyufa zingefunguka. Mashua iliyokaa juu ya mchanga mwaka mzima huishia kuwa kuni. Asubuhi yake aliona begi la Oketch likining'inia kwenye msumari karibu na mlango, limejaa nguo. Aliumia sana, lakini aliwasha moto akapika chai.

Lornah alimpigia simu binamu yake, Mark, anayefanya kazi kwenye boti za kitalii Mombasa. Mark alikuwa mtu wa moyo mkubwa. Alisema boti yao imenunuliwa mashine mpya ya kutafuta samaki, na ile ya zamani ameachiwa yeye. Wiki hiyo hiyo aliituma kwa basi. Ilifika ndani ya boksi kubwa. Ilikuwa na skrini pana, nyaya nene, na chuma kizito cha kukaa chini ya mashua. Mark alisema kwa simu kwamba mashine hiyo inaona mpaka mita mia sita kwenda chini. Lornah alifurahi mno. Aliwaita majirani waje kuitazama, na wakaitazama.

Shida ilikuwa kile chuma. Kilitakiwa kufungwa kwa bolti zinazotoboa chini ya mashua. Lornah alikataa katakata. Sharti la mama ni sharti la mama. Mjomba Ondiek naye alikuwa na jibu lake. Alikibandika chuma ndani ya mashua, juu ya mbao za sakafu, kwa lami. Wakaazima betri ya lori, wanaume wawili wakaibeba, na mashua ikaenda.

Lornah alibaki ufuoni. Waliporudi asubuhi, alishika ukingo akachungulia. Ndani kulikuwa na rundo la mizizi ya gugu maji, na ngege wawili.

"Mashine ilituonyesha samaki wengi, Mama Oketch," Waswa alisema. "Skrini ilijaa samaki. Labda wamebaki huko ndani ya skrini."

Watu walicheka ufuo mzima. Oketch hakucheka. Alipita karibu na mama yake bila kumtazama, akaenda kulala. Kwa siku tatu walijaribu tena, na kwa siku tatu walivuta magugu. Lornah akaanza kuona haya kubeba beseni.

Jirani yake Mercyline ndiye aliyekuja kuuliza. Mercyline anafanya kazi kwenye vizimba vya kufugia samaki, vile vinavyoelea mbele ya ufuo. Kila siku hupanda boti ya kampuni kwenda kuwalisha samaki. Hiyo si mashua ya uvuvi, kwa hiyo wazee walimwacha. Kazini kwao wana mashine ndogo ya kupima kina cha maji chini ya vizimba. Alichuchumaa mchangani kando ya mashua, akakitazama kile chuma kilichobandikwa kwa lami, akatabasamu kidogo.

"Mama Oketch, hii mashine haina macho. Iko na mdomo na sikio," alisema. "Hiki chuma kinapiga kelele kwenda chini, halafu kinasikiliza. Ushawahi kupiga kelele pale kwa lile jiwe kubwa la Kit Mikayi? Si sauti inakurudia? Ni hivyo tu. Sauti ikirudi haraka, chini ni karibu. Ikikawia, ni mbali. Samaki akiwa katikati, yeye pia anarudisha kidogo."

"Sasa mbona yetu inadanganya?"

"Sikio mmelifungia ndani ya nyumba. Mbao inameza sauti. Pamba pia inameza. Sikio lazima liguse maji."

Aliendelea kueleza taratibu. Kuna boti za plastiki ngumu ambazo sauti hupenya ukibandika sikio kwa ndani. Mashua ya mbao si hivyo. Tena mashine ya Mark ilitengenezewa bahari. Katika ghuba ya Kisumu, sehemu nyingi hazifiki mita ishirini. Mtu wa maji mafupi hahitaji mashine ya mita mia sita. Anahitaji ile inayosambaza sauti kwa upana, ili ione eneo kubwa hata maji yakiwa mafupi. Na mashine kubwa hula umeme mwingi, ndiyo maana wanaume walibeba betri ya lori mpaka migongo ikauma.

Lornah alimwomba amtajie mashine ya kununua. Mercyline hakumtajia. Alimrudishia maswali. Mjomba akiendesha anakaa wapi? Jua la alasiri linampiga usoni au mgongoni? Maji yanaruka mpaka wapi? Ana miwani ya kusomea? Mikono yake huwa mikavu au imelowa?

Lornah aliitazama mashua. Aliijua mashua hiyo kwa nje kama anavyoujua uso wake. Alijua kila ubao na kila kiraka cha rangi. Lakini ikishatoka ufuoni, hakujua chochote.

"Unanunulia kiatu mguu ambao hujawahi kuuona," Mercyline alisema, naye akaenda zake kazini.

Lornah aliwauliza wanaume. Ondiek alisema jua si shida. Oketch alisema jua ndiyo shida kubwa. Waswa alisema maji huruka mpaka mdomoni, hasa mtu akiwa anaongea. Majibu matatu, na kila mmoja aliapa kuwa anasema kweli. Alasiri hiyo Lornah aliteremka ufuoni wakiwa wanapakia nyavu. Hakuchukua beseni.

"Mjomba, leo naenda na nyinyi," alisema.

Ondiek aliweka nyavu chini. "Dada yangu hakupanda."

"Najua. Na kila asubuhi alikuuliza, huko kulikuwaje? Aliuliza mpaka akiwa kitandani mwa kufia. Mimi sitaki kuuliza tena, Mjomba."

Mzee alitazama ziwa. Alikuwa amelijibu swali hilo kwa miaka mingi, kwa neno moja au mawili, huku akikunja nyavu. Kulikuwa kuzuri. Kulikuwa na upepo. Hakuwahi kumjibu zaidi ya hapo, na sasa dada yake hayupo.

"Ukipanda tukakosa samaki, watu watasema ni wewe," alisema.

"Wiki hii yote mmekosa, na mimi nilikuwa nchi kavu. Hiyo watasema ni nani?"

Oketch aligeuka upande akaficha kicheko. Ondiek alikohoa, akasogeza nyavu, nafasi ikapatikana.

"Vua viatu," alisema.

Lornah alivua viatu akapanda. Mbao zilikuwa za moto na zenye utelezi. Mashua ilipoyumba, alishika ukingo kwa mikono miwili. Halafu aliona mwenyewe. Ondiek alikaa nyuma karibu na injini, mkono mmoja kwenye usukani wake. Walipoelekea magharibi, jua lilimpiga usoni. Mawimbi yalirusha maji mpaka magotini pake, na mikono yake haikukauka hata kidogo. Alipotaka kusoma namba kwenye skrini ya Mark, alirudisha kichwa nyuma, akakunja macho, kisha akasema ameisoma. Hakuwa ameisoma. Lornah alimwona na hakumsema.

Nyuma yao ufuo ulikuwa mdogo, na watu wake wadogo zaidi. Lornah aliwaza kwamba mama yake hakuwahi kuuona ufuo wake kutoka upande huu. Machozi yalimtoka kidogo. Waswa alidhani ni maji ya wimbi akampa kitambaa.

Mark alipopigiwa simu hakukasirika. Alisema kweli hakufikiria kina cha ziwa. Alimpata mwenye boti ya baharini aliyeihitaji mashine, Lornah akairudisha kwa basi lile lile, ikauzwa, na Mark akamtumia pesa. Lornah akaongezea za chama chake cha akiba.

Walikwenda dukani Kisumu watu wanne: Lornah, Mercyline, Ondiek na Oketch. Muuzaji aliweka mashine tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa mpira mdogo unaotupwa majini, na picha huja kwenye simu. Ndiyo ilikuwa ya bei ya chini kabisa. Ya pili ilikuwa na kioo kikubwa cha kugusa kwa kidole, na ramani ndani yake. Ya tatu ilikuwa na skrini ya ukubwa wa kiganja na vitufe vichache.

Oketch aliupenda mpira. Mama yake alimuuliza ni simu ya nani itakayokaa kwenye maji ya mawimbi alasiri nzima. Oketch alitazama simu yake, ambayo saa hiyo tayari ilikuwa imezimika, akaurudisha mpira mezani.

Lornah alimwomba muuzaji ruhusa, wakazitoa zile mbili mpaka mlangoni, kwenye jua. Kioo kikubwa kilionyesha uso wa Lornah na mawingu. Ile ndogo ilisomeka. Kisha alimwambia mjomba wake alowanishe mkono. Ondiek alichovya vidole kwenye chupa ya maji ya Mercyline na kugusa kioo kikubwa. Kikaruka kurasa, kikafungua kitu ambacho hata muuzaji hakukijua. Kwenye ile ndogo alibonyeza kitufe, kikabonyea. Namba za kina zilikuwa kubwa. Ondiek alizisoma bila kurudisha kichwa nyuma.

"Hii nimeona," alisema.

Hakuna aliyemuuliza kuhusu zile za skrini ya Mark. Mercyline aliuliza mambo matatu yaliyobaki. Sikio lake linaweza kufungwa pembeni bila kutoboa? Linaweza. Mashine inatumia betri gani? Ndogo, kama ya pikipiki, na ukiichaji mara moja inatosha siku nzima. Ikikataa kufanya kazi? Warudi na risiti, na muuzaji akaandika hivyo kwenye risiti yenyewe.

Nyumbani Oketch alichonga mti mnyoofu. Chini yake alifunga lile sikio, uso ukitazama chini sawasawa. Mti wakaubana kwenye ukingo wa mashua kwa vibanio vya seremala, mbali na panga la injini, kwa sababu panga hutoa mapovu na mapovu huziba sikio. Sikio liliingia majini shubiri moja. Mashua ikirudi ufuoni, mti huinuliwa kwanza, usije ukavunjika mchangani. Betri waliiweka ndani ya ndoo yenye kifuniko. Waya mwekundu ukaenda kwenye alama ya kujumlisha, mweusi kwenye ya kutoa, na fyuzi katikati. Hakuna msumari uliogusa mashua.

Siku ya kujaribu, Lornah alivua viatu bila kuambiwa. Ondiek hakutaka kuitazama skrini. Alitupa jiwe lake, akahesabu mafundo.

"Saba na kidogo," alisema.

"Saba nukta mbili," Lornah alisoma.

Mzee alivuta jiwe. Lilirudi na tope laini. Kwenye skrini mstari wa chini ulikuwa mwembamba na hafifu. Wakasogea mbele mpaka mstari ukawa mnene na mweusi. Ondiek alitupa jiwe tena. Lilirudi na mchanga na kipande cha kombe. Alilishika mkononi muda mrefu, akaliweka chini ya kiti chake. Hakulitupa. Alisema siku betri ikifa, jiwe halitakufa.

Mambo hayakunyooka mara moja. Mashine ilikuwa na picha za samaki wadogo, na Oketch alizipenda. Mercyline alikuwa amewaonya: mashine hukisia tu, kila kinachoelea huchorwa samaki. Hawakusikia. Wakazifuata picha na kuvuta magugu siku mbili, na Waswa akapata ya kusema. Ndipo walipozima picha na kujifunza kusoma alama zenyewe. Mizizi ya gugu maji huning'inia kutoka juu. Majani ya chini huota kutoka sakafuni. Samaki huwa katikati au karibu na chini, kama upinde mdogo mashua ikiwa inatembea.

Alasiri moja Lornah akiwa ndani, skrini ilijaa pinde, moja juu ya nyingine. Walikuwa karibu na mdomo wa mto. Waswa alishika nyavu. Mbele yao kulikuwa na maboya ya kamati ya ufuo, yanayoonyesha mahali samaki wanapozalia. Oketch alimtazama mama yake. Begi lilikuwa bado mlangoni, na Pasaka ilikuwa imekaribia. Lornah alitamani sana kusema tupa.

"Geuza," alisema.

"Mashine imeonyesha, Mama," Oketch alisema.

"Imetuonyesha mahali pa kuwaacha."

Ondiek aligeuza mashua. Walitega mbali, kando ya mwamba ambao jiwe la mzee lilikuwa halijawahi kuupata. Asubuhi Lornah alipochungulia, aliona ngege na mbuta wakipiga mikia, na beseni moja halikutosha.

Si kila siku ilikuwa hivyo. Mashine huonyesha samaki, haiwaumbi. Kuna siku walitembea, wakaona ziwa tupu, wakarudi nyumbani mapema na petroli yao. Hata hiyo ilikuwa faida. Pasaka ikaja ikapita. Jumatatu yake Lornah alilishusha begi la Oketch ili afagie, akaliona jepesi. Alilifungua. Ndani hakukuwa na nguo. Kulikuwa na vyelezo vya nyavu na sindano ya kushonea. Alilirudisha kwenye msumari, akaendelea kufagia huku akiimba.

Mwezi uliofuata Nasike, mwanamke mwenye mashua mbili hapo ufuoni, alikuja kumwona. Alitaka kujua jina la mashine na duka, aende akanunue kama hiyo hiyo.

"Nitakwambia," Lornah alisema. "Lakini kwanza, Nasike, ushawahi kupanda boti yako ikiwa majini?"

"Mimi?" Nasike alicheka. "Na wanaume watasema nini?"

Lornah aliwatazama wavuvi wa Nasike, waliokuwa wakipakia nyavu pale karibu.

"Watasema vua viatu."

Nasike aliacha kucheka. Kisha akainama, akaanza kufungua kamba za viatu vyake.